Jiwe Lililopaliliwa

Tulipomaliza matanga ya Baba Mdogo Wafula kule Misikhu, ndugu zangu walinituma Kitale nikafungue nyumba yake nione kilichobaki. Ndani ya stoo, chini ya magunia matupu ya mbegu, nilikuta lile sanduku la kioo. Mtu alikuwa amelitumia kulea vifaranga. Maranda na mavi ya kuku vilikuwa vimekauka pembeni. Niliinama nikanusa, na chini ya harufu ya kuku nikaipata ile nyingine, ya chumvi na kitu kilichooza zamani, harufu ya ufuoni ambayo haina kazi yoyote Kitale. Binamu yangu aliuliza kama sanduku bado linafaa kwa vifaranga. Nilimjibu vibaya, kisha nikamwomba msamaha, maana yeye hakuwa na kosa. Hasira ile iliwahusu watu wengine, na baadhi yao tumeshawazika.

Nilipelekwa kwa Baba Mdogo nikiwa darasa la nne. Yeye na mkewe hawakuwa wamejaliwa mtoto, na baba yangu, kwa ule ukarimu wa watu wanaogawa vitu visivyo na mdomo, akasema Nekesa aende akawachangamshe. Baba Mdogo alikuwa amefanya kazi Mombasa miaka mingi, akitunza bustani ya hoteli, kisha akarudi kulima mahindi katika shamba aliloachiwa na babu nje kidogo ya mji. Alirudi na mke. Mama Mdogo Riziki alikuwa mtu wa Kwale, wa kijiji cha ufuoni ambako mama yake na shangazi zake walilima mwani: waliufunga kwenye kamba, wakaipanda ile kamba majini, wakavuna maji yakipwa. Sisi hatukujua hayo wakati ule, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Tulichojua ni kwamba alikuwa Mwislamu, aliona baridi hata saa saba mchana, na ugali wake ulikuwa laini kupita kiasi kwa kipimo cha shangazi zangu wa Bungoma, waliokuja, wakaula wote, halafu ndipo wakalalamika.

Nilimpenda. Nalisema wazi kwa sababu wakati ule hakuna aliyenifundisha kulisema. Alinisuka bila kunivuta nywele, aliniita mwanangu mbele za watu, na Ijumaa akirudi kutoka msikitini mjini aliniletea kashata iliyofungwa kwenye karatasi.

Chumba changu na chao vilitenganishwa na mbao tupu. Jioni moja, mahindi yakiwa yamefika magotini, nilimsikia Mama Mdogo akiongea kwa sauti ya chini, bila ugomvi. Alisema atakaa mpaka mavuno. Mahindi yakiingia ghalani, naye ataamua kama anabaki Kitale au anarudi kwao. Nilisubiri Baba Mdogo aulize kwa nini. Angeuliza mtu yeyote, hata muuza mboga angeuliza. Baba Mdogo alisema, "Sawa, nimesikia," na wiki iliyofuata akasafiri kwenda Mombasa.

Mke anasema anaondoka, na mume anakwenda kuleta jiwe.

Alirudi na sanduku la kioo, mitungi minne ya maji ya bahari, na jiwe lenye ukubwa wa boga, limefungwa kwa magazeti yaliyolowa na gunia juu yake. Kioo kikawekwa sebuleni, juu ya meza ambapo watu wengine huweka televisheni. Alitueleza kuwa hotelini walikuwa na kitu kama hicho pale wageni wanapopokelewa. Jiwe lenyewe ni hai, alisema. Litaota takataka za kila aina kwa zamu yake, na mwisho litashika zambarau, zambarau ngumu. Ukiona hiyo, maji yametulia na samaki wanaweza kuishi.

"Hii jiwe ikikomaa tunatia samaki," alimwambia mkewe. "Utakuwa na bahari yako hapa hapa. Hutaenda mahali."

Mama Mdogo alilitazama lile jiwe, akasema asante, akarudi jikoni kuchochea moto.

Kichwani mwangu mambo yakajipanga upesi. Kulikuwa na mazao mawili, mahindi na jiwe. Mahindi yakikomaa kwanza, anaondoka. Jiwe likikomaa kwanza, anabaki. Sikuona ajabu yoyote, kwa maana Kitale kila kitu hupimwa kwa mahindi, karo ya shule, harusi, hata matibabu. Baba Mdogo alinipa daftari la kurasa themanini, akaniagiza kila siku nikitoka shule niandike kilichoota na rangi yake. Sijawahi kufanya kazi ya shule kwa bidii kama ile.

Wiki ya kwanza jiwe lilifunikwa na vumbi la kahawia, laini, kama kakao iliyomwagika. Baba Mdogo akamwita Mwalimu, jirani yetu aliyefundisha kilimo shule ya upili, mtu ambaye sijawahi kumsikia akisema hajui. Mwalimu alivaa miwani, akazunguka meza, akatangaza kuwa ni kutu.

"Chuma iko ndani ya hii mawe," alisema. "Inatoka tu pole pole."

Baba Mdogo aliitikia kwa heshima, nami nikaandika kutu. Baada ya siku kumi vumbi likatoweka lenyewe, na Mwalimu hakuulizwa kutu imekwenda wapi.

Halafu maji yakapungua. Maji yakiachwa wazi hupungua, hata mtoto anajua, na chumvi yake hubaki pale pale. Lakini Baba Mdogo alijaza kwa maji ya kisima, kile kisima cha chini ya shamba ambako mbolea yote ya mahindi huteremkia mvua ikinyesha, kisha akaona kwamba maji mapya yanataka chumvi mpya. Akaenda kwa Daktari. Daktari hakuwa daktari. Alikuwa na duka la dawa za mifugo karibu na soko, na kwetu sisi mtu akiuza sindano tu tayari tunampa cheo. Daktari akasema chumvi ni chumvi, bana, akampimia chumvi ya ng'ombe, ile ya kulambwa. Baba Mdogo akatia kiganja kizima, akakoroga kwa mwiko wa ugali. Mwiko wenyewe ulikuwa wa Mama Mdogo.

Haikupita muda jiwe likaota nywele. Zilikuwa za kijani, ndefu kama kidole changu, na zilicheza mtu akigusa meza. Hapo ukoo wetu ukaonyesha asili yake. Sisi ni wakulima. Kitu kikiota mahali ambapo hatukukipanda ni kwekwe, na kwekwe hung'olewa. Kila Jumamosi Baba Mdogo alilitoa jiwe, akaliweka ndani ya beseni, akalipalilia kwa mswaki wa zamani na kisu cha kumenyea viazi. Aliita palizi ya kwanza, palizi ya pili, palizi ya tatu. Baada ya kila palizi aliongeza chumvi ya ng'ombe kidogo, vile mtu anavyoweka mbolea ya kukuzia, na kila wiki nywele zikarudi nene kuliko za mwanzo. Shangazi yangu mkubwa alikuja kutoka Bungoma, akachungulia, akasema huo ni uchafu, na kwamba nyumba ambayo mwanamke anasafisha haioti nyasi sebuleni. Alilisema kwa sauti ya kutosha kufika jikoni. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na daftari langu, na mpaka leo sijui ni nini kilichonizuia nisimpige nalo.

Siku moja pakatokea kitu kisicho na jina hata kwa Mwalimu. Vilikuwa viputo vya kijani, vigumu kidogo, kama njegere, vimejibana kwenye nyufa. Pembeni, utando mwekundu ulikuwa umelala juu ya jiwe kama utandu wa maziwa. Baba Mdogo alikuwa shambani. Sikutaka kuacha mstari wazi, basi nikaenda jikoni.

Mama Mdogo alikuwa anakuna nazi, moja ya zile nazi kavu na ghali za sokoni Kitale. Nilimsomea yote tangu mwanzo. Nilipofika kwenye kutu alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa wiki nyingi, na ikabidi aweke mbuzi ya nazi pembeni. Akaniuliza ni nani aliyeniambia ni kutu. Halafu akanifundisha, mambo yote kwa mfululizo, kama mtu anayetaja majirani zake. Ile kahawia hutangulia kila kitu kipya kinapoingia baharini, alisema. Hata kamba mpya za mwani huivaa kwanza, kisha inajiondokea. Viputo nivitoe kimoja kimoja bila kuvipasua, kwa sababu kila kimoja kimebeba watoto. Utando mwekundu huja maji yakisimama, na bahari haisimami.

"Na nywele?" niliuliza.

"Nywele zinalishwa. Kwetu huota pale hoteli zinapomwaga maji machafu. Hapa mnazilisha wenyewe, kwa chumvi ya ng'ombe na maji ya kisima."

Nikamuuliza zambarau itakuja lini. Akasema ile si rangi, ni ganda. Hutengenezwa taratibu na jiwe lenyewe likiachwa, na likishashika hata kisu hakilitoi. Mwaka mmoja, labda zaidi. Na kwa jinsi tunavyolikwangua kila Jumamosi, haitakuja kabisa.

Nilimuuliza mbona hajamwambia Baba Mdogo. Alirudi kwenye nazi yake.

"Ambaye hajaniuliza nitamjibu nini, mwanangu?"

Wakati wa chakula nilimwambia mimi. Nilisema Mama Mdogo anasema ni chumvi ya ng'ombe. Baba Mdogo alitabasamu, akaniambia nile. Kesho yake akamsimulia Daktari kama kichekesho, nao wawili wakacheka dukani huku nikisikia, na akanunua kilo nyingine. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga, lakini sidhani walifikiria mtu anayezunguka mji mzima akiuliza ili tu asiulize ndani ya nyumba yake.

Wakati huo mahindi yalikuwa yamekauka yamesimama. Majirani walikuwa wameanza kukata na kusimamisha mabua, na Baba Mdogo alikuwa ameshaongea na mwenye mashine ya kupukuchua. Nilipiga hesabu. Mahindi, wiki tatu. Jiwe, mwaka. Nililia kidogo nyuma ya choo, kisha nikakumbuka dawa ya zambarau, ile ya kupaka watoto vidonda vya mdomoni. Kichupa chake kilikuwa juu ya kabati tangu nilipougua.

Jumamosi, baada ya palizi, Baba Mdogo aliitwa shambani akaliacha jiwe ndani ya beseni. Nikachukua unyoya wa kuku nikalipaka. Nilipaka kwa uangalifu, kwenye matuta na ndani ya nyufa, nikaliacha likauke juani, nikalirudisha ndani ya maji. Nakumbuka furaha ile vizuri. Ilikuwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi iliyowashinda watu wazima.

Jumapili baada ya kanisa Baba Mdogo aliingia sebuleni, akasimama. Aliondoa kofia. Dakika chache baadaye alikuwa ameshawaita Mwalimu na Daktari, na wote watatu wakaketi mbele ya kioo na suti zao. Mwalimu alieleza kwa kirefu kwamba alitegemea jambo hili, kwamba kutu ikiisha zambarau lazima ifuate. Daktari alisema ni ile chumvi, aliwaambia watu wakakataa kusikia. Nani alikataa kusikia? Hakuna mtu katika mji ule aliyesikilizwa kuliko yeye. Baba Mdogo alikuwa anatazama mlango wa jikoni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi.

Mama Mdogo alipoingia na sinia la chai, Daktari alikuwa amekunja mkono wa shati ili amwonyeshe vizuri. Akatumbukiza mkono, akalisugua jiwe, akautoa. Ulikuwa zambarau mpaka kwenye saa. Hapo ndipo tulipoyatazama maji kwa makini, tukaona yana rangi ya sharubati. Mimi nilikuwa nimekalia viganja vyangu.

Baba Mdogo alinishika kifundo cha mkono, akafungua vidole vyangu kimoja kimoja. Hakupiga kelele. Alitoka nje, akarudi na fimbo aliyoivunja kwenye ua. Mama Mdogo aliweka sinia mezani, akasimama katikati yetu.

"Usimguse mtoto," alisema. "Ndiye peke yake humu aliyekuja kuniuliza."

"Alikuuliza nini?"

"Hayo yanayoota. Nayajua yote, nimekulia ndani yake."

"Sasa si ungeniambia?"

"Ulimuuliza Mwalimu. Ukamuuliza huyu wa dawa za ng'ombe. Dada yako akasema ni uchafu wangu. Mimi nilikuwa hapo jikoni, Wafula. Hatua sita."

Mwalimu aliangalia chai yake. Daktari aliendelea kujifuta mkono kwa leso, na leso ikaharibika. Nilimtazama Baba Mdogo nikisubiri. Nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa nimejikunyata kwenye kona na vidole vya zambarau, na hata mimi nilijua swali linalofuata ni lipi. Aliiegemeza fimbo ukutani. Alimtazama mkewe, akalitazama jiwe, akamtazama mkewe tena.

"Sasa hii jiwe tunaifanya namna gani?" akauliza.

Mama Mdogo akavuta kiti, akamweleza. Amwage maji yote, alete mengine ya bahari. Ya kuongeza yawe ya mvua, yaliyokingwa vizuri. Chumvi ya ng'ombe wapewe ng'ombe. Atafute kitu cha kuyatembeza maji, kisha kisu na mswaki avitupe, na asiliguse tena lile jiwe. Alieleza kwa upole na bila haraka, na Baba Mdogo akachukua daftari langu akaandika kila neno kwa mkono wake, kwa herufi kubwa. Alifurahi sana. Aliwaambia wageni kwamba kumbe alikuwa na mtaalamu nyumbani.

Mahindi yakaingia ghalani. Siku ya tatu Mama Mdogo akafunga sanduku lake la nguo. Alinisuka asubuhi ile, nywele ndogo ndogo zitakazodumu, akaniambia si kwa sababu ya dawa ya zambarau, nisije nikadanganyika. Sikumwamini. Kwa miaka mingi niliamini ni mimi niliyemfukuza. Baba Mdogo alimbebea sanduku mpaka kituoni, akamnunulia maji na mkate wa njiani, akarudi, akaketi mbele ya kioo na viatu vyake miguuni.

Sisemi kwamba hakumpenda. Hilo ndilo linalonichosha kuliko yote. Alikuwa mtu aliyesafiri siku mbili na mitungi ya maji ya chumvi mapajani kwa ajili ya mwanamke mmoja, na nusu ya mji ikamcheka. Mtu wa namna hiyo huwezi kumchukia moja kwa moja ukatulia. Unabaki unamkasirikia tu, mwaka baada ya mwaka, mpaka unamzika.

Alifuata yale maandishi ya daftarini bila kuruka hata moja. Maji ya bahari yalikuja na basi, ya mvua tukakinga kwa karai safi. Upande mmoja wa jiwe ulikufa ukabaki mweupe. Nywele zilikonda, zikaisha. Mahindi mengine yalipandwa, yakapaliliwa, yakatoa mbelewele, na jiwe halikuguswa na mtu. Halafu siku moja niliporudi kutoka shule nikaona, chini kabisa upande uliobaki hai, doa lenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, la zambarau iliyoelekea waridi. Nilimwita. Alileta kisu, akajaribu ncha yake mara moja tu, na doa halikutoka. Aliniuliza kama ndiyo yenyewe. Nikamwambia ampigie Mama Mdogo amuulize.

Alipiga. Nilishangaa alivyoijua namba kwa kichwa. Alimwambia habari za jiwe kwa muda mrefu, doa liko wapi, linafanana na nini, kisu kimefanya nini, maji ya mvua tunayakinga vipi. Nilisimama karibu naye nikimvuta shati. Aliendelea na jiwe. Mwishowe nikaruka nikamnyang'anya simu.

"Mama Mdogo, unarudi lini?"

Nyuma yake nilisikia wanawake wakizungumza na upepo ukigonga kitu cha bati.

"Mwambie baba yako aniulize mwenyewe," alisema.

Nikampa Baba Mdogo simu. Nikamwambia kwa mdomo wangu, neno kwa neno, amesema umuulize wewe. Aliipokea kwa mikono miwili, akakohoa, akaweka sawa kola ya shati kana kwamba anaonekana. Kisha akamuuliza kama sasa anaweza kutia samaki.